Tumbaku ya Njagi

Cicily alianza kuvuta akiwa na miaka hamsini, umri ambao wenzake wa kwaya walikuwa wanaacha hata sukari kwenye chai. Wala hakuanza kwa ujeuri. Binti yake Kaari, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya watalii Nanyuki, alirudi nyumbani Krismasi na kopo la bati ambalo mgeni fulani alilisahau chumbani. Ndani yake mlikuwa na siga, vitu vyembamba vya kahawia, tumbaku iliyoviringishwa kwa jani lake lenyewe badala ya karatasi, zikinukia vanila. Kaari alilitaka kopo tu, aweke pini zake za nywele. Siga alitaka kuzitupa chooni, lakini mama yake akamwambia aziache hapo, atazitupa mwenyewe.

Hakuzitupa, bila shaka. Alizifunga katika kitambaa cha sare akazificha chini ya mashine ya kushonea.

Alikuwa mjane wa miaka mingi. Mumewe Mutugi alikuwa Mmeru mpole, mtu wa kanisa na kahawa yake, akafa kwa kisukari na Cicily akamlilia inavyostahili. Tangu hapo alikaa dukani kwake Makutano, mjini Meru, akishona sare za shule. Mashine ililia kutwa, jioni akafunga mlango, akala, akalala. Ungemuuliza anakosa nini, angekujibu hakosi kitu, na angekasirika kidogo kwa kuulizwa. Basi alasiri moja, kazi ikiwa imelala, akaenda nyuma ya duka penye pipa la maji, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwasha siga moja, aone tu. Ncha yake ilikuwa imepakwa utamu uliobaki midomoni. Alivuta pole pole, akatoa moshi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akahisi kwamba ana mwili, kwamba mwili huo ni wake, na kwamba haujafa pamoja na Mutugi.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule serikali ilipoanza kukamata watu wanaovuta hadharani, kwa hiyo alikuwa na sababu mbili za kujificha, polisi na kwaya. Polisi hakuwaogopa sana.

Kopo lilipokwisha alinunua siga nyingine supamaketi, za vanila na za cheri, akimwambia msichana wa kaunta kuwa ni za shemeji yake. Shemeji huyo alivuta sana. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, utamu ule ulianza kumkinai. Chini ya vanila alisikia ladha nyingine, chungu kidogo, yenye udongo ndani yake, na ikawa anavuta haraka ule mwanzo ili aifikie hiyo. Alipoifikia, siga ilikuwa imekwisha. Akawasha ya pili.

Duka la pili kutoka kwake lilikuwa la Ciakuthii, Mmbeere wa Kiritiri aliyeletwa Meru na ndoa, muuzaji wa ugoro na majani ya tumbaku, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Siku moja sauti hiyo ikavuka ua wa mabati.

"Nani anaoka keki huko nyuma?"

Akazunguka, akamkuta Cicily na moshi puani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akainyakua ile siga, akavuta mara moja, akatema mate.

"Cicily! Hii ni keki unavuta. Hii hata mtoto mchanga analala nayo mdomoni."

"Inanitosha."

"Ingekutosha haungekuwa unavutanga mbili mbili." Ciakuthii akamrudishia. "Wacha nikupeleke kwa kaka yangu. Yeye ako na tumbaku ya kweli, ile ya zamani. Halafu utaniambia."

Wakateremka Kiritiri majira ya kuvuna ndengu. Cicily mwenyewe ni Mwembu, amezaliwa Kianjokoma kwenye baridi na chai, na joto lile la chini lilimfanya afungue vifungo viwili vya sweta kabla hajafika langoni. Njagi aliwapokea akiwa na vumbi la ndengu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mjane pia, mrefu, mvi zimemwingia pembeni tu, mikono mikubwa isiyokuwa na haraka. Zamani alilimia kampuni tumbaku ekari nzima, akachoka nayo, sasa alibakiza mistari michache kando ya kijito kwa ajili ya kinywa chake.

"Ciakuthii, umeniletea mgeni au umeniletea inspekta wa shule?" akauliza, akitazama viatu vya Cicily.

"Ni fundi wa nguo. Muulize jina, hana meno makali."

Akamuuliza. Cicily akamwambia, naye akalirudia jina hilo mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini, kana kwamba analionja. Akampa kiti cha pekee chenye mgongo. Akapika mwenyewe, ugali wa mtama na kunde, akimtania kwamba watu wa kwao juu hulala na koti na huamka na koti, hakuna ajuaye kilichomo ndani. Cicily alicheka mpaka akaficha meno kwa kiganja. Walipokuwa wananawa mikono, Njagi aliona alama za sindano kwenye kidole chake cha shahada. Akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii haiumi?"

"Nimezoea."

"Kitu kama hiki mtu hapaswi kuzoea," akasema, kisha akakiachia haraka, akatazama mbuzi.

Niseme wazi hapa, ili asije mtu akadhani mambo yalikuwa ya kufichika. Yalionekana. Hata mbuzi wale waliyaona. Cicily alihisi joto likipanda kutoka kwenye kidole mpaka shingoni, na halikuwa la Kiritiri. Na hapo hapo, kwa furaha iliyomjaa, akitaka kumpendeza, akitaka sababu ya kurudi, akafungua kinywa chake akaharibu kila kitu.

"Njagi, mimi nimekuja kuomba tumbaku. Zile tamu za dukani nimezimaliza. Naomba unifundishe kuvuta ya kweli."

Njagi alimtazama dada yake, na dada yake akawa anachambua ndengu. Akaondoka akaingia ghalani, akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuteremsha majani kutoka darini. Alipotoka alikuwa ameyashika kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama kidogo.

"Karibu, mama," akasema.

Cicily aliona ni heshima, akafurahi. Akapokea huku akitabasamu kama bibi harusi. Ukiwa na hasira naye, subiri kidogo, maana hata yeye baadaye alijikasirikia vya kutosha.

Njagi alimfundisha vizuri, hilo halina ubishi. Alinyunyizia majani maji kidogo yalainike, akayanyoosha juu ya ubao, akachomoa uti wa katikati kwa mvuto mmoja, akaviringisha. Alimwambia mgeni wa tumbaku haanzi na majani ya juu ya mmea, kwa sababu jua lote la msimu limekaa huko. Huanza na majani ya chini, yaliyokua kivulini, ambayo ni mapole. Moshi usiumeze, uache ukae kinywani kisha utoke wenyewe. Usivute vute kama unayefukuzwa, utaichemsha na itakuuma ulimi. Na usivute na njaa.

Cicily aliyasikia yote, kisha akafanya kinyume chake. Aliuvuta msokoto ule kama alivyozoea siga zake za cheri, na dunia ikainama. Alikimbilia nyuma ya zizi, akatapika kunde zote. Njagi alimletea chai yenye sukari nyingi, akaiweka chini karibu naye, akarudi kukaa mbali. Hakucheka. Cicily angetoa chochote acheke.

Alirudi na Ciakuthii mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Kwaya aliwaambia anakwenda Kianjokoma kumwona mama yake, na kweli alipita, akanywa kikombe kimoja akiwa amesimama. Siga za vanila zilizobaki alizitumbukiza kwenye shimo la takataka, maana sasa zilimnukia kama sabuni. Majani ya chini yalimkubali, akahamia ya katikati. Akaanza kutambua mambo ambayo hapo awali angeapa hayapo, kwamba jani la msimu wa mvua nyingi lina ladha ya maziwa yaliyoungua, na la mwaka wa kiangazi lina pilipili kwa mbali. Akajifunza kuviringisha, vidole vya fundi vikamsaidia. Alipenda ule uchungu usiomdanganya. Kama mambo yangeishia hapo, tungesema mwanafunzi amefaulu.

Lakini Cicily hakuwa akisafiri kutoka Meru kwa sababu ya jani. Alimtaka Njagi. Alimtaka kwa namna iliyomshangaza na kumwaibisha, yeye aliyedhani shughuli hiyo ilikwisha kitambo. Akikata kola dukani, aliona ile mikono ikichomoa uti wa jani, mkasi ukaenda kombo. Akiwa kanisani, kwenye sala ndefu, alikisikia kidole chake kikishikwa. Aliukumbuka ule utani wa koti, akajibu kimoyomoyo majibu ambayo hangeyatamka mbele ya mtu.

Na Njagi yule wa siku ya kwanza alikuwa hayupo tena. Huyu aliyebaki alikuwa muungwana wa kuchosha. Alimwita mama kila sentensi. Alimuuliza hali ya magoti, magoti ambayo hayakuwa na neno. Alimuuliza wajukuu wanaendeleaje, ilhali Kaari hakuwa hata na mchumba. Kigoda chake alikiweka upande wa pili wa Ciakuthii, na jioni alimbebea mkoba mpaka steji bila kusema kitu, akitembea hatua kadhaa mbele, kisha akasimama pale mpaka gari lipotee kwenye kona. Cicily alijua anasimama kwa sababu aligeuka kila mara. Hakuelewa mtu anayemwona bibi kizee anasimama juani kutazama nini.

Akajishauri akaona ni kule kutapika. Mwanamume gani atamtamani mtu aliyemwona akining'inia juu ya ukuta wa zizi? Basi akaazimia kumwonyesha. Atavuta vizuri kuliko wote, atavuta majani ya juu kabisa, mpaka mtu huyu amtazame tena. Maskini Cicily. Kadiri alivyozidi kuvuta vizuri, ndivyo kile kigoda kilivyosogea mbali.

Siku aliyomaliza msokoto wa majani ya juu bila kukohoa na bila chozi, aliinua uso akingoja sifa. Njagi alisimama, akavua kofia.

"Sasa umekamilika, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemaliza kufukia kaburi.

Ciakuthii alikaa mbele na dereva, naye Cicily alilia njia nzima kiti cha nyuma, akimwambia abiria wa karibu kuwa ni vumbi.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kuondoa kifuniko cha mashine, aliingia dukani kwa Ciakuthii.

"Kaka yako ananiona mzee kiasi gani?"

Ciakuthii alikuwa anapima ugoro kwa kijiko. "Mzee kivipi?"

"Mama, mama, mama! Magoti, wajukuu! Siku ya kwanza hakuwa hivyo. Nilimkosea nini?"

Kijiko kikasimama hewani. Uso wa Ciakuthii ukaanza kubadilika.

"Ngoja. Kwani wewe haujui?"

"Sijui nini?"

"Cicily. Kwetu, nyumba yetu ile, mwanamke haombangi tumbaku hivi hivi. Anaanza akishafunga mambo. Amemaliza kuzaa, amemaliza maneno ya kitanda. Sasa mwanamke akiomba tumbaku mbele ya mwanaume anayemwangalia, anamwambia, mimi niko kama mama yako, usiniangalie tena hivyo. Mimi nilipoanza ugoro, mzee wangu alihamia chumba kile kingine jioni hiyo hiyo, na hakuna mtu alilia." Akaweka kijiko chini. "Wewe si Mwembu? Na nyanya yako si alikuwa anafanya hivyo?"

"Nililelewa misheni! Kwetu tumbaku ilikuwa ni ya shetani, basi. Hakuna aliyeniambia ni ya nani mwingine!"

"Na vile ulimwomba! Ametoka tu kukushika kidole! Mimi nilisema moyoni, huyu mama ana akili, amemkataa kwa adabu mpaka hawezi kasirika."

Cicily akakaa juu ya gunia. "Yeye alisema nini?"

"Siku hiyo? Alisema ni sawa. Aliniuliza kama utarudi, nikamwambia mtu wa tumbaku lazima arudi." Ciakuthii akashusha sauti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Akaenda akapanda mistari mingine kule kijitoni. Nilidhani anataka kuuza. Hajawahi kuuza hata jani moja."

Wiki hiyo Cicily alishona suruali moja yenye miguu miwili ya kushoto. Alikuwa na furaha, kisha akawa na hofu, kisha akajionea huruma kwa miezi yote ile aliyoketi karibu naye akimfukuza kwa kila moshi alioutoa. Na ilimbidi akubali jambo jingine, kwamba tumbaku yenyewe aliipenda. Alikuwa ameipanda ngazi kwa ngazi, kutoka kwenye sukari ile ya mtoto mpaka jani la juu, na hakuna mtu angemrudisha kwenye vanila. Je, aiache? Na akishaiacha, mwanamke wa kwaya anamwambiaje mwanamume kwamba hajafunga? Maneno hayo husemwa kwa lugha gani, na mtu akiwa amevaa nini?

Alivaa gauni la buluu alilojishonea, bila sweta. Alikwenda peke yake.

Njagi alikuwa chini ya upenu wa ghala. Alitazama nyuma ya Cicily kumtafuta dada yake, hakumwona, akapiga hatua kurudi nyuma kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Akamletea kiti. Akaingia ndani, akatoka na msokoto aliokuwa ameutengeneza tayari, mnene, mweusi, wa majani yaliyokaa darini muda mrefu kuliko mengine yote. Cicily aliisikia harufu yake kabla haujamfikia, na mate yakamjaa kinywani, hilo hatutamdanganya mtu. Njagi aliunyoosha kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

"Leo sivuti."

"Umeokoka?"

"Niliokoka darasa la tano."

"Basi unaumwa."

"Siumwi mahali."

Akautazama ule msokoto kwa wasiwasi. "Ama nimeukausha vibaya?"

"Hukuukausha vibaya. Njagi, nisikilize kabla sijaogopa." Alishika magoti yake yale mazima. "Siku ile ya kwanza sikujua nilichokuwa nikisema. Kianjokoma kwetu walinifundisha nyimbo, hawakunifundisha hayo mengine. Dada yako ameniambia juzi tu. Mimi nilikuwa naomba tumbaku."

Mikono ya Njagi ilikuwa bado imenyooka mbele yake.

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Tumbaku. Tumbaku peke yake. Hayo mengine sijayafunga."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, mbuzi mmoja akageuka. Cicily akaona aibu ikimjia, ikamfika usoni, ikapita. Neno lililobaki halikuwa lake kulisema.

Njagi aliketi kwenye kigoda chake. Ule msokoto aliuweka juu ya ubao, akausukuma mbali kwa kidole, akabaki akitazama mikono yake mitupu kana kwamba hajui iwekwe wapi. Alikuwa mtu mzima aliyejizuia muda mrefu, na mtu wa namna hiyo ukimwambia mlango uko wazi, kwanza hukaa chini.

Kule steji gari la Embu likapiga honi. Upepo ulikuwa unatoka huko, na sauti ya kondakta ikafika uani safi kabisa, kila neno.

"Embu mmoja! Bado mmoja tu wa Embu!"

Honi ikalia tena. Cicily akakumbuka mkoba wake uko pale pale miguuni, na kwamba kila mara honi hiyo ilipolia Njagi alikuwa ameshauinua. Aliungoja mkono uje uuchukue. Haukuja.

"Hilo gari," Njagi akasema, bila kuinua macho, "naona limejaa."

"Mmoja! Mmoja wa Embu!" kondakta akapaza.

Cicily akasikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Limejaa, Njagi," akasema.